Choo, Msala, Kabine: Historia ya Chumba cha Nyuma katika Maisha ya Waswahili

Utangulizi

Wanahistoria wa miji ya Waswahili wameeleza kwa kirefu habari za misikiti, makaburi ya nguzo, milango ya kuchonga na vyombo vya kaure vilivyoletwa kutoka China. Kuna chumba kimoja ambacho hakikupata maelezo ya kiasi hicho, ingawa hapana mkazi wa nyumba aliyeweza kumaliza siku bila kukiingia. Chumba hicho ni choo. Sababu ya kimya hicho si ngumu kuielewa. Adabu humtaka mtu aende chooni bila kutangaza safari yake, na anayetoka huko haulizwi ametoka wapi. Mwanahistoria naye ni mtu wa adabu.

Hata hivyo lugha haikunyamaza. Kiswahili kina majina kadha wa kadha ya chumba hiki, na kila jina lina umri wake, njia yake na watu wake. Makala haya yanaifuata historia ya choo kwa kuyafuata majina hayo, kuanzia nyumba za mawe za pwani, kupitia njia za misafara na kambi za wachimba shaba wa Katanga, hadi mji wa Goma uliojengwa juu ya mawe ya volkeno. Hoja yake ni kwamba tangu zamani choo kimebebeshwa kazi mbili, yaani kumpa mtu sitara na kumkinga na maradhi. Kazi hizo mbili hazikuwekwa pamoja kila mara, na madhara ya kuzitenganisha yameonekana wazi, hata katika nchi ya Kongo.

1. Neno na adabu yake

Neno la msingi ni choo, wingi wake vyoo, lenye kiambishi cha ngeli kile kile kilichomo katika chakula na chombo. Neno hili lina maana mbili zisizotengana: mahali, na kile kinachoachwa mahali hapo. Mganga akimwuliza mgonjwa kama anapata choo, haulizi habari za jengo. Mtu aliyefunga choo hakufunga mlango. Neno moja linataja nyumba na kilichomo ndani yake, na kwa sababu hiyo lilihitaji kufunikwa.

Vifuniko vilipatikana vingi. Mtu huenda haja, kubwa au ndogo, na neno haja, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni hitaji tu. Wengine husema kujisaidia. Wengine huenda uani, kwa kuwa katika nyumba nyingi za Waswahili choo kilijengwa uani, nyuma ya vyumba. Wengine huenda maliwatoni. Lakini jina lenye historia ya pekee ni msala. Kamusi za Kiswahili zimelipa maana mbili: mkeka wa kusalia, na choo. Kwa mtu asiyejua desturi, kuziweka sala na haja chini ya neno moja huonekana kama kufuru. Anayejua desturi huona daraja lililoziunganisha. Daraja hilo ni maji. Mwislamu haingii katika sala kabla ya kujitahirisha, na mahali pa kutawadha na mahali pa haja vilikuwa jirani, mara nyingi chini ya dari moja. Kusema kwamba mtu yuko msalani kulikuwa kutaja lengo la safari na kuacha kutaja mwanzo wake.

Desturi hiyo iliacha alama hata katika viungo vya mwili. Kiswahili huuita mkono mmoja mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Mkono wa kushoto ndio uliopewa kazi ya kuchamba, na kwa sababu hiyo haukutumiwa kutoa zawadi, kupokea wala kusalimu. Mafundisho ya dini yaliongeza mengine: kuingia chooni kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa mguu wa kulia, kutozungumza humo, na kutoelekea kibla wakati wa haja. Watu wa pwani walijua pia kucheka nafsi zao juu ya jambo hili. Methali isemayo kwamba kuchamba kwingi ni kuondoka na mavi humwonya mtu anayezidisha uangalifu hata akaharibu, na hutumika katika mashauri yasiyohusiana kabisa na choo.

Tofauti ya adabu huonekana pia baina ya kitenzi na nomino. Kunya ni kitenzi cha kale, ambacho hutumika hata kwa mvua, lakini mbele ya wakwe hakitamkwi. Nomino kinyesi, iliyotokana na shina hilo hilo, imeingia katika vitabu vya shule na vya afya bila mtu kulalamika. Lugha imemkataa mzazi ikampokea mtoto.

2. Choo ndani ya nyumba ya mawe

Kwamba adabu hiyo ilikuwa na mahali pake pa kuonekana kunathibitishwa na magofu. James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948. Katika mji huo, uliostawi hasa katika karne za 14 na 15 na kuachwa katika karne ya 17, alikuta vyoo ndani ya nyumba zenyewe na ndani ya jumba la mtawala: shimo, mahali pa kuchutama, na kando yake mahali pa kujiosha kwa maji. Vyoo hivyo havikubandikwa baadaye kwenye nyumba zilizokwisha kujengwa. Vilipangwa pamoja na kuta.

Matumizi ya maji yameandikwa pia na msafiri. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alieleza kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, na watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba ili waoshe miguu kabla ya kuingia. Chombo cha namna hiyo chenye kifuu cha nazi bado chajulikana kwa jina la kata, na kwa karne nyingi kata ilikuwa rafiki wa birika, yaani tangi la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa.

Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 mpango huo ulifikia ukamilifu. Mtu aliyetoka njiani alipita daka, kisha ua wa ndani, kisha misana, na kila alipoendelea alizidi kuingia katika sehemu za faragha zaidi, hadi ndani ambako wanawake walikaa. Choo na birika vilikuwa huko nyuma, mahali ambapo mgeni hakufika. Katika sakafu ya birika waliweka bakuli la kaure, na humo samaki wadogo waliishi hata maji yalipopungua. Samaki hao walikula viluwiluwi vya mbu. Fundi wa Lamu hakuwa na darubini, lakini alijua kwamba maji yaliyotuama huzaa wadudu, na dawa aliiweka ndani ya jengo.

Ni lazima picha hii isipambwe kupita kiasi. Wenye nyumba za mawe walikuwa wachache. Wengi wa pwani waliishi katika nyumba za udongo na makuti, na choo chao kilikuwa shimo lililozungushiwa ua wa makuti. Tena maji ya birika hayakujileta. Yaliletwa vichwani na watumwa, na sitara ya bwana ilitegemea mgongo wa mtu ambaye yeye mwenyewe hakupewa sitara.

3. Sitara iliyoficha ugonjwa

Kasoro nyingine ilikuwa chini ya ardhi. Miji mingi ya pwani imekaa juu ya matumbawe, na jiwe la matumbawe lina matundu mengi. Shimo la choo lililochimbwa humo hufyonza kilichomo bila kujaa upesi, na kwa mwenye nyumba hiyo ilikuwa sifa njema. Lakini kinachofyonzwa huenda mahali. Pale kisima kilipokuwa hatua chache kutoka shimoni, jiwe lile lile lililoficha uchafu liliupeleka katika maji ya kunywa.

Kipindupindu kiliushambulia mji wa Unguja zaidi ya mara moja katika karne ya 19. Pigo la miaka ya 1869 na 1870 liliua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu huko wakati huo, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya mapigo ya ugonjwa huo katika Afrika Mashariki, akifuata njia ulizopitia kutoka nchi hadi nchi. Elimu ya vijidudu ilikuwa bado changa, lakini njia zilionekana. Zilikuwa njia za watu na bidhaa. Baada ya pigo hilo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, na kwa hivyo kisima cha jirani ya shimo hakikubaki tegemeo la pekee.

Kwa msomaji wa Kongo jambo la kuangaliwa ni hili. Mwaka 1870 David Livingstone alikuwa Manyema, na katika shajara zake aliandika kwamba kipindupindu kimefika huko kwa njia ya wafanyabiashara waliotoka Tanganyika. Njia hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Msafara mmoja ulibeba shanga, bunduki, pembe, mateka, lugha na ugonjwa. Pamoja na lugha yalikuja maneno ya choo na adabu zake. Birika la mawe, samaki wake na chemchemi ya Barghash havikusafiri. Yaliyofika bara yalikuwa maneno ya sitara bila jengo lake.

4. Kambi, safu na kabine

Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Watu walioletwa kuchimba shaba walitoka makabila mengi na nchi mbalimbali, nao waliwekwa kambini. Vifo vilikuwa vingi katika miaka ya mwanzo, na kampuni ilitambua kwamba mfanyakazi anayekufa ni hasara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilishika siasa ya kuwaimarisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, ikajenga nyumba za matofali kwa safu, mabomba ya maji ya pamoja na vyoo vya pamoja. Wakaguzi walipita. Usafi ukawa jambo la kuhesabiwa na kuandikwa, na uchafu ukawa kosa.

Usafi huo huo ulitumiwa kuwagawa watu. Baina ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika uliachwa uwanda mpana usiojengwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kidaktari: mbu asiweze kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Upande mmoja choo kiliingia ndani ya nyumba. Upande wa pili kilibaki mbali na nyumba, katika safu, kikitumiwa na familia nyingi.

Kwa upande wa maradhi, choo cha safu kilikuwa bora kuliko kichaka. Kwa upande wa sitara kilikuwa fedheha. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati mkwe hawezi kuingia mahali ambapo mkwe mwenziwe amejisaidia. Miongoni mwa Waluyia wa Kenya, kwa mfano, mwiko wa baba mkwe na mke wa mwana kutumia choo kimoja umejulikana muda mrefu, nao umekwamisha miradi mingi ya vyoo. Mpangaji wa kambi hakuuliza mambo hayo. Alihesabu mashimo akayagawanya kwa idadi ya watu. Mtu mzima aliyelazimika kusimama foleni asubuhi mbele ya jirani, mkwe na watoto alikuwa amelindwa na kuhara, lakini alikuwa amevuliwa nguo.

Katika hali hiyo jina jipya likapata nafasi. Wafaransa na Wabelgiji walikuwa na kifuniko chao, cabinet, yaani chumba kidogo cha faragha, na Kiswahili cha miji ya Kongo kikakichukua kwa umbo la kabine. Tamko la herufi za W.C. nalo likaingia kwa jina la vese. Maneno hayo yalikuwa na faida moja ambayo msala haukuwa nayo tena: hayakumkumbusha mtu sala, maji wala nyumba ya wazazi. Yalikuwa maneno ya kazini, yasiyo na aibu kwa sababu hayakuwa na ukoo. Neno hilo hilo hutaja hadi leo ofisi ya waziri na ya gavana, na mzaha unaotokana na jambo hilo hauhitaji kuelezwa.

Nje ya kambi ilizaliwa nyumba ya lupango. Katika Kiswahili cha Lubumbashi lupango ni kiwanja kilichozungushiwa ukuta au ua, chenye nyumba ya mwenyewe, vyumba vya wapangaji, na kabine moja pembeni nyuma. Mpango wake unaukumbuka ua wa nyumba ya Waswahili, lakini watu wanaouishi si ukoo mmoja. Ugomvi wa lupango mara nyingi huanzia kwenye kabine: nani alipaswa kuisafisha, nani aliacha mlango wazi, nani atatoa fedha shimo likijaa. Mwenye lupango na mpangaji hawabishani juu ya choo tu. Wanabishana juu ya nani ana haki ya sitara katika nyumba asiyoimiliki.

5. Goma, Julai 1994

Mahali ambapo historia hii ilifika kwenye ukali wake wote ni Kivu ya Kaskazini. Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma na vijiji vya jirani kwa muda wa siku chache. Mji huo umekaa juu ya mawe yaliyomwagwa na volkeno, hasa Nyiragongo, na mawe hayo hayachimbiki kwa jembe wala kwa sururu. Mashimo ya vyoo hayakuwezekana kwa haraka. Watu walijisaidia walipolala, na maji waliyapata katika ziwa ambalo kila mtu alilitumia kwa kila jambo. Kipindupindu kilithibitishwa mnamo tarehe 20 Julai, na baadaye kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokadiriwa kufikia 50,000.

Kati ya mambo yote yaliyosemwa juu ya msiba ule, hili la jiwe huelekea kusahauliwa. Pwani, jiwe la matumbawe lilipokea uchafu upesi mno. Goma, jiwe la volkeno lilikataa kuupokea. Katika hali zote mbili ardhi ilikuwa sehemu ya choo, na aliyepanga makao ya watu bila kuiangalia ardhi alipanga vifo. Wenyeji wa Goma walikwisha kulijua hilo. Katika mitaa mingi mtu huanza kujenga choo kwa kuinua juu ya jiwe badala ya kushuka ndani yake, na gharama yake humfanya maskini ategemee choo cha jirani. Lava ya mwaka 2002 ilifunika upya sehemu kubwa ya mji, na ile ya mwaka 2021 ikaharibu mitaa ya kaskazini. Kipindupindu nacho hakijaondoka kabisa katika nchi za kando ya maziwa ya mashariki ya Kongo, ambako kinajulikana tangu miaka ya 1970.

6. Choo kinaletwa mbele

Mfano wa kuunganisha tena sitara na afya, na kwa Kiswahili, ulitolewa Tanzania. Mwaka 1973 serikali iliendesha kwa njia ya redio kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kila wiki, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaamua wenyewe la kufanya kijijini mwao. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa. Tofauti na ukaguzi wa kambi ilikuwa katika hatua ile ya mazungumzo: wanakijiji waliamua choo kikae wapi, kijengwe vipi, na kitumiwe na nani. Neno choo, ambalo adabu ililiweka nyuma ya nyumba, lilitamkwa redioni mchana kweupe na watu hawakuziba masikio.

Mwaka 2017 ilianzishwa nchini humo kampeni nyingine kwa jina la Nyumba ni Choo. Mwanaisimu ataona kwamba majina hayo mawili yameundwa kwa mtindo wa methali, nomino mbili zilizofungwa kwa ni, kama katika usemi Mtu ni watu. Muundo huo haupambi, unaamua. Nyumba isiyo na choo inanyimwa jina la nyumba. Ajabu ni kwamba hukumu hiyo si ngeni. Fundi wa Gedi aliyejenga choo pamoja na kuta, kabla ya mtu yeyote kuhamia humo, alikwisha kuitoa zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Kongo nayo ilianzisha mwaka 2008 mpango wa kitaifa wa usafi wa vijiji na shule. Lakini katika kazi kama hiyo mwelimishaji wa Kivu au Katanga hukutana na tatizo la maneno kabla ya kukutana na tatizo la saruji. Akisema kunya, wazee watainama. Akisema kwenda haja, mtoto hataelewa kwamba linasemwa jambo la mikono na maji. Akisema kabine, bibi wa kijijini atafikiri ni kitu cha mjini kisichomhusu. Akisema assainissement, atakuwa ameongea na ripoti yake.

Hitimisho

Majina ya choo yaliyopitiwa hapa si orodha ya visawe. Msala ni kumbukumbu ya nyumba ambamo usafi na heshima vilitoka katika birika moja. Uani ni kumbukumbu ya nyumba ya kawaida. Kabine ni kumbukumbu ya kambi, ambako mtu alipewa afya akanyang'anywa sitara. Choo, neno la zamani na la wazi kuliko yote, ndilo lililorudishwa mbele ya watu mwaka 1973 bila kupoteza heshima yake.

Idara za Kiswahili za vyuo vya Kongo zina kazi hapa isiyoweza kuachiwa waganga na mafundi peke yao. Istilahi za usafi zinazotumika katika zahanati na shule nyingi zimetafsiriwa kutoka Kifaransa na watu waliokuwa na haraka. Kukusanya maneno ambayo wenyeji wa Maniema, Kivu, Tanganyika na Katanga huyatumia mbele ya mkwe, mbele ya mtoto na mbele ya mgonjwa, na kuyapima kama yanaeleweka na kama hayamdhalilishi mtu, ni kazi ya mwaka mmoja au miwili kwa wanafunzi wachache wenye daftari. Kipindupindu huenea kwa maji na mikono. Huenea pia pale mama anapokosa neno la kumwambia mwuguzi tangu lini mtoto wake anaharisha, akaona haya, akarudi nyumbani.